Kipimo cha Siti ya Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipoiingiza pikipiki yangu kwenye kibanda cha fundi siti. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu.

Usukani nilishaubadilisha. Nilifunga mpana, uliojikunja kuja kifuani kama mtu anayekukaribisha. Tangi nililipaka rangi ya zambarau iliyoiva. Bomba la moshi nalo niliweka jingine, refu, na sauti ikashuka. Haikupiga kelele tena. Ilinguruma kwa chini, du... du... du... kama moyo wa mnyama aliyeshiba. Ni pikipiki ndefu, ya kukaa umejilaza kidogo, miguu mbele, mikono wazi, barabara inakuja yenyewe. Si ya haraka. Ni ya raha.

Lakini ilikuwa raha ya mtu mmoja. Aliyeniuzia alikuwa ameitoa siti ya nyuma, akayachomelea matundu ya bolti mpaka chuma kikawa laini. Kila jioni mke wangu alinisindikiza mlangoni, akanitania. "Haya, nenda na mke mwenzangu." Anacheka, anafunga mlango. Nilianza kutoupenda ule mlango ulivyofungwa. Kwa hiyo niliyatoboa upya yale matundu, kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikipiga mluzi.

Fundi siti alikuwa mzee mfupi, midomo imejaa vimisumari, anaongea kwa kona ya mdomo. Hakupima kwa rula. Alitandika sponji laini juu ya chuma, mwenye siti akaikalia, na palipobonyea ndipo alipokata. Siti inakuwa ya mtu, kama kiatu.

Mke wangu alikuwa aje moja kwa moja kutoka kazini. Akapiga simu. Yuko mapokezi hospitalini, wagonjwa wamejaa, wa kumpokea zamu hajatokea.

"Mwambie fundi tutakuja kesho," akasema. "Na umwambie makalio yangu ni ya heshima, asinibanie sponji."

Nikamwambia fundi tutarudi kesho. Akatazama nyuma yangu. Akatazama tena, polepole, kutoka chini kwenda juu.

"Na huyu uliyekuja naye?"

Nikageuka. Tairi la nyuma. Vumbi. Mlango wazi.

Mafundi wazee wana utani wao, na mimi sikutaka kuonekana mshamba. "Huyo mpime tu, mzee. Asije akaninunia."

Hakucheka. Akatemea misumari yake kiganjani.

"Nimpime?"

"Mpime."

Akatandika sponji. Akaniambia nitazame ukutani, mtu hapimwi huku anaangaliwa. Nikatazama ukuta, nikitabasamu peke yangu. Nyuma yangu springi zikalia kidogo. Kriiik... Kisha sponji ikapumua, fyuuu, kama inavyopumua mtu anapokaa.

Harufu ikaja. Harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, ikasahaulika.

"Usiikandamize sana, mzee," nikasema.

"Mimi niko huku."

Sauti ilitoka nje. Nilipogeuka, alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi, kama mtu anayempisha mgeni.

Kwenye sponji palikuwa na bonde. Dogo, jembamba, la kina.

Nilijiambia springi zimechoka. Nikajiambia sponji mpya ina vituko vyake. Nikaiacha pikipiki pale, na kesho yake mchana, nilipopita kusema tutakuja wawili jioni, siti ilikuwa imeshashonwa. Ngozi nyeusi, uzi mwekundu, mshono umenyooka kama mstari wa shairi.

"Mke wangu ni mpana kuliko hivi, mzee."

"Nimepima aliyekaa," akasema, akageukia mkasi wake.

Ningebishana. Lakini ilikuwa nzuri mno. Nikaiwasha, nikaondoka nayo, na sijawahi kuendesha vile maishani mwangu. Ilitulia barabarani kama imeota mizizi. Kwenye kona ililala yenyewe, kabla yangu, kwa ulaini, kama kuna mtu mgongoni anayeijua njia. Nilitazama kioo cha pembeni. Hakuna kitu. Mpaka leo sijaona kitu.

Jioni mke wangu alitoka na kofia ya pikipiki kichwani, amevaa suruali aliyoitunza kwa siku hiyo. Akazunguka, akapapasa mshono, akaniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona muda mrefu.

"Leo mke mwenzangu abaki nyumbani," akasema. Akapanda. Akashuka. "Mbona pa moto?"

"Injini hiyo."

"Injini iko huku chini, bwana, mimi nakwambia huku."

"Kaa, mama, giza linaingia."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Akakaa.

Tukatoka mtaani, tukashika barabara kubwa. Upepo ukatupokea. Nikamsikia akicheka mgongoni kwangu, kicheko kirefu, cha msichana. Nikaongeza mafuta kidogo. Du-du-du-du. Nikafikiri: sasa nyumba yangu imetimia.

Kisha kicheko kikakatika.

Harufu ya nguo mbichi ikanipita puani, katikati ya upepo wote ule.

"Mume wangu." Alinong'ona karibu na sikio langu.

"Naam."

"Mikono yako iko wapi?"

"Kwenye usukani."

"Yote miwili?"

Nikaangalia. Kama mjinga, nikaangalia.

"Yote miwili."

Nikamsikia akijipapasa kiunoni.

"Basi mimi... nimepakatwa."

Nilifunga breki hadi tairi likaimba. Nikaruka chini, nikamshika mikono, nikamvuta. Hakuja. Alikuwa amekaa wima, amebana pumzi, na blauzi yake ilikuwa imekunjamana kiunoni, pande zote mbili, imekazwa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Akang'oka ghafla, kama mguu unaotoka kwenye tope. Springi za nyuma zikapanda nusu.

Nusu tu.

Tulirudi kwa miguu, nikiikokota. Ilikuwa nzito kama ng'ombe anayekataa.

Usiku ule ule nikampigia aliyeniuzia. Nikamweleza kuhusu siti.

"Kaka, yale matundu niliyachomelea," akasema. "Kwa nini umeyafungua?"

"Hukuniambia kitu."

"Ungenunua?"

Nikamwuliza ni nani huyo. Akasema aliikuta pikipiki hivyo hivyo, na aliyemuuzia naye alisema hivyo hivyo.

"Kwako amemchukua nani?" akauliza.

"Hajamchukua mtu. Nimemtoa mke wangu."

Akapumua. "Kwangu alikuwa mama yangu," akasema, na akakata.

Asubuhi fundi siti alinisikiliza bila kuacha kushona.

"Itoe, mzee. Nakuomba. Itoe na uichome."

"Siti nitaitoa sasa hivi, mwanangu. Mimi ni mtu wa siti." Akaweka sindano chini. "Lakini aliyeshapata wa kumpakata hatafuti siti tena."

"Ulimwona. Kwa nini ulimpima?"

"Nilikuuliza. Mara mbili." Macho yake yalijaa maji. "Ningekataa, angekaa kwangu."

Siti ilichomwa. Pikipiki niliipeleka kwa mkata vyuma, nikasimama pale mpaka tangi la zambarau likawa vipande, mpaka usukani ukawa fimbo. Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa anakula amesimama.

"Kaa basi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Kila kiti kina joto," akasema.

Kazini naye alisimama. Wenzake wakamwita askari wa zamu, naye akacheka nao. Kwenye gari alisimama. Kitandani alilala kifudifudi, na nikithubutu kumkumbatia alishtuka, akashika mikono yangu gizani, akaihesabu vidole. Tulienda kwa madaktari. Tulienda kwa watu wa sala. Wote walimwambia akae kwanza, ndipo waanze.

Miguu yake ilivimba. Siku hadi siku ilivimba, na mimi niliikanda kwa maji ya moto, nimepiga magoti mbele yake, naye ameshika ukuta. Sikuwa na kingine cha kufanya. Mimi nilijua kutengeneza vitu vyenye bolti tu.

Jana jioni nilitoka kuteka maji bombani. Niliporudi nilimkuta amekaa.

Amekaa kwenye kigoda cha jikoni, kile kisicho na egemeo, katikati ya chumba, mbali na ukuta. Mgongo wake umelala nyuma. Umelala mno, kwa namna ambayo mtu hawezi, na kichwa kimeinamia upande, kimetulia juu ya kitu nisichokiona. Macho ameyafumba. Uso wake ulikuwa na raha niliyomtafutia mimi miezi yote ile.

Nilimwita kwa sauti ndogo. Hakuamka.

Ndoo ikaniponyoka, maji yakatapakaa hadi miguuni pake. Hakuamka.

Nikasimama pale, mikono mitupu, nikimtazama akibembelezwa... mbele, nyuma... mbele, nyuma... taratibu, kama mtoto.