Waya wa Hasi Kwenye Boti ya Laurent

Fundi Luhaga alichomoa betri, akaiweka mchangani, na redio ya boti ikaendelea kuwaka.

Akaitazama, kisha akamtazama mzee Laurent, mwenye boti, aliyesimama kando ya mto amekunja mikono. Hapa kuna mchezo, akawaza. Luhaga alikuwa fundi umeme wa malori pale Mikumi, na kwa maringo yake, redio haikuwahi kumshinda.

"Mzee, umeficha betri nyingine?"

"Tafuta. Si wewe uliyefunga?"

Kweli alifunga yeye, wiki mbili zilizopita, ili muziki uwaite wakata miwa wanaovuka kutoka Ruhembe kwenda mashamba ya ng'ambo. Siku ya tatu muziki ukapungua wenyewe, na sauti ikaita kutoka redioni, "Kishiwa." Kishiwa akaitika naam, kama mtu yeyote. Kesho yake aliteleza akipanda boti, na mto haukumrudisha. Baadaye ikamwita Rutha. Akaitika abee, naye akaenda hivyo hivyo. Laurent akasema fundi kaleta kitu. Luhaga yeye aliamini Laurent kafuga jini la kuvuta abiria, na sasa linadai chakula chake. Angebaki Mikumi amwachie mzee balaa lake, lakini Imelda, mkewe, alikuwa ng'ambo akikata miwa, na hakuna njia ya kurudi ila boti hii.

"Sema ukweli, mzee," alinong'ona. "Uliliahidi nini?"

"Mimi ni Mkatoliki, fundi." Sauti ya Laurent ilikuwa chini pia. "Redio ya kwanza ililia humu miaka minne bila neno. Kaka yangu Elia, aliyeileta boti kutoka ziwani, alivuta nyaya mbili mpaka kwenye betri. Alikataza waya kugusa chuma cha boti. Alisema chuma kinalala ndani ya mto, na ukikiunganisha, umewapa walio chini mahali pa kusemea."

Luhaga akaukumbuka waya ule. Kwenye lori, waya wa hasi unafungwa kwenye bodi, basi. Siku ile aliucheka waya wa pili wa Elia, akaukata, akafunga hasi kwa bolti kwenye chuma cha boti.

Akaingia chini ya benchi akiufuata waya kwa vidole, na kadiri alivyoufuata ndivyo harufu ya tope bichi ilivyozidi, na plastiki yake ikawa baridi, kisha ikawa na maji, kisha ikaanza kudunda taratibu kama mshipa wa shingo, huku juu yake muziki ukipungua, ukipungua, mpaka akasikia mtu akivuta pumzi ndani ya spika.

Akaukata kwa plaizi, mkono mwingine ukiwa bado kwenye chuma cha boti.

Redio ikazima. Laurent akafanya ishara ya msalaba. Luhaga alitoka akicheka kwa woga uliokwisha, akaona aibu kwa yote aliyomdhania mzee wa watu.

"Nisamehe, mzee."

"Yaishe, fundi."

Ng'ambo, Imelda akasimama, akaweka panga chini.

"Abee," akaitika. "Nakuja, baba Yudith. Mbona unaniita hivyo?"

Luhaga hakuwa ameita. Mkewe alikuwa ameshaingia mtoni, maji yamefika magotini, anatabasamu. Luhaga akafungua mdomo amkataze, na sauti yake ikatokea chini ya boti, ikisema, "Njoo."