Siku Sharifa Alipojitoa Barazani

Sharifa na mumewe Kassimu walikuwa wakulima katika kijiji kimoja cha kata ya Mpapura, mkoani Mtwara. Walilima mihogo na korosho. Asubuhi walikwenda shambani pamoja. Mchana Sharifa alimenya mihogo na kuianika iwe makopa. Kassimu alikwenda msikitini, kisha akarudi kumsaidia kufukuza kuku. Hawakuwa na mali nyingi, lakini hawakulala njaa.

Mwaka 2004 mkutano mkuu wa kijiji ulimthibitisha Sharifa kuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Sheria mpya ya ardhi ya vijiji ilitaka baraza hilo liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Zamani magomvi ya mashamba yalisikilizwa na wanaume peke yao. Watu wengine walicheka. Walisema wanawake watakwenda kusinzia tu. Lakini Kassimu alifurahi, akamnunulia kanga ya kuendea barazani.

Mashauri ya kwanza yalikuwa madogo. Mtu alisogeza mpaka. Mwingine aliziba njia ya jirani yake. Baraza liliwasikiliza, likawapatanisha, wakaenda zao.

Kisha likaja shauri la Husna.

Husna alikuwa mke wa Ahmadi, mdogo wake Kassimu. Ahmadi alikufa kwa homa wakati wa masika. Husna alikaa eda. Eda ilipokwisha, Mohamedi, kaka mkubwa wa Kassimu na Ahmadi, alimwambia arudi kwao Kitaya, kule mtoni Ruvuma. Alisema shamba la korosho ni la ukoo, na mwanamke hawezi kubaki na mali ya ukoo. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Mohamedi akaweka vibarua wapalilie chini ya miti.

Husna hakugombana naye. Alimchukua binti yake Zainabu, akaenda kwa mwenyekiti wa baraza, Mzee Erasto, akaeleza shida yake.

Mohamedi alipopata habari, alikwenda kwa Kassimu. Alikaribishwa ugali. Alipomaliza kunawa mikono alimgeukia Sharifa.

"Shemeji," alisema, "nashukuru tuna mtu wetu mle barazani. Wewe ndiye utakayewaeleza wenzako."

Sharifa alitoa vyombo. Mohamedi alipoondoka, Kassimu alimwambia mkewe kwamba kaka ni kaka. Alimkumbusha kwamba mwaka ule mtoto wao alipougua, Mohamedi ndiye aliyewapeleka hospitali. Hayo yalikuwa kweli. Sharifa aliona kama amewekewa mzigo kichwani, na hana pa kuutua.

Kesho yake alikwenda kwa Modesta. Modesta alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwao ni Songea, lakini alikuwa amekaa Mpapura miaka mingi. Ndiye aliyewafundisha wajumbe wa baraza kazi yao. Sharifa alimweleza yote. Aliuliza afanye nini, maana akiamua hivi atamwonea Husna, na akiamua vile atavunja nyumba yake.

"Dada Sharifa, shauri hili wewe huliamui," Modesta alisema. "Mohamedi ni shemeji yako. Husna naye ni mke wa shemeji yako. Mtu hakai kuamua ugomvi wa ndugu zake. Hata ukisema haki tupu, watu hawatakuamini. Simama mbele ya wote, useme unajitoa."

Sharifa alipumua. Kisha akauliza kuhusu mila. Je, ni kweli kwamba mwanamke hana shamba?

Modesta alimweleza kwamba sheria inaheshimu mila. Lakini mila ikimnyima mtu ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, basi hapo mila hiyo haina nguvu. Alimweleza pia kwamba baraza la kijiji kazi yake ni kupatanisha. Asiyeridhika anakwenda baraza la kata. Asiporidhika huko, liko baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Hakuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho kijijini.

"Basi nitajitoa, nikae kimya," Sharifa alisema.

Modesta alimtazama. "Shamba lile unalijua?"

Sharifa alilijua sana.

"Kuamua huwezi," Modesta alisema. "Kusema ulichokiona kwa macho yako, hilo unaweza. Lakini hapo sikulazimishi."

Siku ya shauri baraza lilikaa katika darasa la shule ya msingi. Wanakijiji wengi walikuja. Kabla Mzee Erasto hajafungua shauri, Sharifa alisimama. Alisema wahusika wote wawili ni ndugu zake wa ndoa, kwa hiyo anajitoa. Alitoka kwenye viti vya wajumbe, akakaa kwenye madawati pamoja na watu wengine. Mohamedi alimtazama Kassimu. Kassimu alitazama chini.

Mohamedi alipewa nafasi ya kwanza. Alisema ardhi ile ilikuwa ya marehemu mama yao. Ahmadi alipewa kuitumia tu. Amekufa, imerudi kwenye ukoo. Husna naye akasema yeye na mumewe walifyeka pori na kupanda mikorosho kwa mikono yao. Mzee Erasto alimuuliza kama ana shahidi. Husna alisema waliokuwapo ni watu wa ukoo wa mumewe, naye hataki kuwatia watu kwenye ugomvi.

Sharifa akainuka.

"Mimi nilikuwapo," alisema. "Ile miti mikubwa iliyo karibu na njia ilipandwa na mama mkwe. Hapo shemeji Mohamedi anasema kweli. Lakini kuanzia kwenye kichuguu kwenda bondeni lilikuwa pori. Ahmadi na Husna walilifyeka. Husna alikuwa na mimba ya Zainabu. Miche niliibeba pamoja naye."

Kassimu alitoka nje ya darasa.

Wajumbe wakaenda shambani wakaone wenyewe. Waliona miti mizee karibu na njia, na miti ya makamo upande wa bondeni. Waliporudi, Mzee Erasto alipendekeza wapatane. Miti ya mama ibaki kwa ukoo. Miti ya bondeni iwe ya Husna na mtoto wake. Husna alikubali. Mohamedi alikataa. Mzee Erasto hakumkasirikia. Alimwambia ni haki yake kwenda baraza la kata, na akamweleza jinsi ya kwenda.

Siku zile nyumbani kwa Sharifa palikuwa pagumu. Kassimu alikula kwa kaka yake. Akirudi alisalimia, akalala. Sharifa aliendelea kupika na kumwekea chakula. Hakuomba radhi, kwa sababu hakuona kosa lake. Lakini mara mbili Husna alimkuta analia jikoni.

Mohamedi alipeleka shauri baraza la kata, nalo likaita mashahidi. Alimtaja Kassimu kuwa shahidi wa upande wake. Kassimu akasimama. Aliulizwa nani alipanda miti ya bondeni. Alimtazama kaka yake.

"Mashimo nilichimba mimi," alisema. "Mimi na Ahmadi. Wake zetu walileta miche. Kaka hakuwapo, alikuwa Newala. Pengine ndiyo maana hajui."

Baraza la kata likasema kama lilivyosema la kijiji. Mohamedi aliambiwa kwamba bado anaweza kwenda wilayani. Aliomba siku za kufikiri. Kisha akawaondoa vibarua wake bondeni. Hakumwomba Husna msamaha, lakini msimu wa kupulizia ulipofika alimpelekea dawa ya salfa iliyombakia, apulizie miti yake isiungue na ukungu. Husna aliipokea.

Mwaka ule Husna aliokota korosho zake mwenyewe. Zainabu aliendelea na shule pale pale kijijini. Kassimu alirudi kula nyumbani. Sharifa alimpakulia, wakala, wakazungumza habari za mihogo.

Sharifa alirudi kwenye kiti chake barazani. Shauri lililofuata lilikuwa la mzee mmoja aliyegombania mpaka na jirani yake. Mzee aliingia darasani, akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akasimama mbele ya Sharifa.

"Mama, huyu ninayegombana naye ni ndugu yako?" aliuliza.

"Hapana, baba. Wala wewe si ndugu yangu."

Mzee akavuta dawati, akaketi.

"Basi tuanze," alisema.