Hodi Tumboni mwa Mwenzangu

Mjane mmoja alikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikaa tu kabatini. Kila asubuhi alikunywa chai yake zizini, akipiga soga na ng'ombe wake. Alimwita Mwenzangu. Tangu mumewe afariki, hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Mwenzangu alikuwa amepandishwa mara mbili kwa mbegu za dume zinazotiwa kwa mrija. Mara zote mbili mimba haikushika, akarudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena. Mtoto wa mjane akapiga simu kutoka mjini.

"Mama, ng'ombe hazai, hana maziwa. Safari hii akishindwa, nakuja na mchinjaji."

"Na mimi nibaki na nani?"

Mwanawe akaaga.

Mtaalamu wa mifugo alikuja akampandisha Mwenzangu tena. Akiwa ananawa mikono, alimwona mjane anafungua kamba.

"Mama, unampeleka wapi na jua lote hili?"

"Namtembeza kila siku ili mimba ishike. Marehemu alifanya hivyo, na ndama tulipata."

"Naye alimtembeza mchana?"

"Hapana, jioni. Mpaka kisimani na kurudi, tukiwa wote wawili." Akaizungusha kamba mkononi. "Siku hizi jioni siwezi. Nawaona watu wanarudi na wenzao, roho inaniuma. Mchana njia haina mtu."

Mtaalamu akaketi juu ya ndoo.

"Mama, mimba haishikishwi kwa kutembea. Matembezi ya jioni hayakusaidia, ila hayakumdhuru. Kiinitete, yaani mimba changa kabisa, huelea tumboni kwa karibu wiki tatu kabla ya kujishikiza. Wakati huo hurefuka kama uzi, na hutoa protini inayompa mama habari. Ni kama kupiga hodi. Mwili wa mama ukiisikia, hutunza mimba. Usipoisikia, hudhani tumbo ni tupu, na ng'ombe hurudi kwenye joto."

"Akisikia, basi mimba imeshika?"

"Bado. Zipo protini nyingine zinazofanya kazi kama gundi. Kiinitete hunata ukutani mwa tumbo. Baadaye huota vishikizo kama vifungo vya shati. Vishikizo hivyo ndivyo huunda kondo la nyuma. Chakula na hewa ya ndama hupitia hapo. Sasa, jua kali hudhoofisha kiinitete. Hodi yake huwa hafifu."

"Kumbe ndama alibisha hodi, nikaififisha sauti yake!"

"Hukujua, mama. Mpe kivuli, maji tele na majani ya kutosha. Asikimbizwe wala asipigwe."

Mjane alimwezekea Mwenzangu kibanda. Mchana alikaa naye humo, mpweke kama zamani, akihesabu wiki kwa hofu. Wiki ya tatu ikapita bila joto. Baadaye mtaalamu akampima. "Ana mimba," alisema. Mjane akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena.

Baada ya miezi tisa ndama alizaliwa asubuhi, jike, mwenye miguu isiyomtii. Kondo la nyuma lilipotoka, mjane aliinama akalitazama. Vile vifungo aliviona kwa macho yake. Akampigia mwanawe simu, akamweleza yote.

Jumamosi, mjane akiwa jikoni, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi!"

Alikuwa mwanawe, bila mchinjaji. Siku nyingi hakuna aliyebisha hapo.

"Karibu, mwanangu," akajibu, akaenda kabatini kutoa kikombe cha pili.