Rufaa Iliyotupwa Mwenyewe Akiwa Benchini

Mwanangu anasaga unga. Mashine ya tajiri wake hunguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Wateja humwita kwa kumvuta shati, maana kupiga kelele pale ni kumaliza mate bure. Wamempa jina la Mzee Pumba, naye hucheka.

Nyumba tunayokaa aliijenga marehemu mume wangu. Shemeji yangu alisema ni yake, akatushinda kesi. Tukakata rufaa. Mwaka mzima tukawa wa kwenda na kurudi. Magoti yangu yakakataa, nikamwachia mwanangu.

Siku moja alirudi mapema kutoka mahakamani.

"Wameahirisha," alisema, akaenda kulala na viatu.

Wiki tatu zikapita. Kisha shemeji akaja na karatasi.

"Shemeji, fungeni virago. Rufaa yenu imetupwa. Mwanao hakufika."

"Alikwenda!"

"Labda alikwenda sokoni."

Mwanangu aliporudi kutoka kazini, mkewe alimkalisha chini.

"Baba watoto, sema ukweli."

Alitazama vidole vyake vyeupe kwa unga.

"Nilikuwepo. Nilikaa benchi la nje tangu saa mbili. Nilipouliza, wakasema nimeitwa mara tatu mlangoni. Sikusikia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Niseme mimi kiziwi? Nani atampa kiziwi mashine?"

"Mtaa mzima unajua, baba watoto. Siri umebaki nayo peke yako."

Kesho yake tulikwenda kwa jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama. Alikuwa uani anafua soksi. Alitusikiliza bila kuacha kufua.

"Nitaandika kwamba niliumwa," mwanangu alisema. "Kuna mtu anauza vyeti vya hospitali."

"Cheti hicho ndicho kitakachowazika," karani alijibu, akipaza sauti. "Mwongo akishikwa, hata ukweli wake hauaminiwi. Rufaa iliyotupwa kwa kutofika inaweza kurudishwa. Unaiomba mahakama ileile. Unaandika kilichokuzuia, unaapa kuwa ni kweli. Hiyo ndiyo hati ya kiapo. Na unaweka ushahidi."

"Ushahidi upi? Benchi halina mdomo."

"Getini uliandika jina?"

"Jina na saa."

"Basi omba nakala ya daftari la mlinzi. Kapimwe masikio, daktari aandike alichokiona. Na zile wiki tatu zieleze. Usiruke hata siku moja."

"Niseme niliona aibu?"

"Kama ndiyo kweli, sema. Huenda isitoshe. Jaji ndiye atakayepima. Lakini nenda leo uulize umebakiwa na siku ngapi. Siku za kuomba zina mwisho. Zikipita, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda."

Tulikuta siku hazijaisha. Tukapanga foleni hospitali. Tukapanga foleni masjala, ofisi ya kupokea karatasi za kesi. Mara ya kwanza waliturudisha, sahihi moja ilikosekana. Nikakaa kwenye ngazi nipumue, kisha tukaanza upya. Nakala moja tukampelekea shemeji, maana naye ana haki ya kujibu.

Miezi miwili baadaye tuliitwa. Mwanangu alimfuata karani wa mlangoni.

"Ndugu, mimi sisikii vizuri. Ukiniita, nishike bega."

Alisema mbele ya watu wote. Wengine waligeuka kumtazama. Hakuinamisha kichwa.

Alishikwa bega, tukaingia. Shemeji alisema huo ni uzembe mtupu. Jaji alisoma daftari, akasoma barua ya daktari, akarudia tena.

"Wiki tatu za kunyamaza hazinifurahishi," alisema. "Lakini mtu huyu alikuwa mlangoni kwangu. Rufaa irudishwe. Wasitolewe kwenye nyumba mpaka isikilizwe."

Mwanangu alinitazama. Hakuwa amesikia. Nikamwandikia kiganjani kwa kidole: IMERUDI.

Rufaa yenyewe bado. Sijui kama tutashinda, na kuchoka nimechoka. Lakini asubuhi hii nimefagia uwanja wetu, na hakuna aliyeniambia niache.