Dakika Arobaini za Jumatano

Walijuana kituo cha mabasi cha La Serena, wakigombea soketi moja ya kuchajia simu. Nolvia, mpishi wa kambi ya mgodini, alishinda. Eliseo, dereva wa lori kwenye mgodi huohuo, akamnunulia chai na maandazi ya boga. Mwaka uliofuata wakapanga nyumba pamoja.

Lakini kitanda chao hawakukilalia pamoja. Zamu zilipishana: huyu siku saba mgodini, yule siku saba nyumbani. Mpaka Machi, mkataba wa Nolvia utakapokwisha, walikuwa na dakika arobaini tu kila Jumatano, hapo kituoni, mmoja akishuka na mwenzake akingoja kupanda. Mapenzi gani hayo, utauliza. Ndiyo waliyokuwa nayo.

Jumatano moja Eliseo hakushuka. Nolvia, na koti jekundu alilolinunua kwa ajili ya dakika hizo, akapanda basi analia.

Kesho yake simu ikaita.

"Nililala, mpenzi. Nimekuja kushtuka basi limenipitisha hadi Ovalle!"

"Na simu nayo ililala?"

"Iliisha chaji."

"Eliseo, nimechoka. Kama una mtu huko Ovalle, sema."

"Mtu gani? Mimi hata viatu nalala navyo!"

Nolvia akakata simu. Jumatano iliyofuata, zamu yake kushuka, alipita mlango wa nyuma wa kituo makusudi. Eliseo akaondoka bila kumwona.

Jumatano ya tatu Nolvia alikaa kwenye benchi lao, ufunguo wa nyumba mkononi, tayari kuurudisha waachane. Basi likafika. Eliseo alishuka akichechemea, macho mekundu.

"Dada, mchukue mtu wako," kondakta alilalamika. "Amesimama tangu Vallenar! Namwambia kaa, hataki."

"Umesimama kwa saa mbili na nusu? Una wazimu?"

"Nikikaa nalala," Eliseo akajibu. "Nikilala nakukosa."

"Kaa basi, mnene wangu," Nolvia akamwita kwa jina lake la mahaba, ingawa Eliseo ni mwembamba wa kutupwa. Alipokaa tu, kichwa kikamwangukia mwenzake begani, akakoroma. Nolvia hakumwamsha. Bega lilikufa ganzi, chai ikapoa, na moyo ukamuuma kwa jinsi alivyompenda.

Basi lake likaitwa.

"Amka. Wewe umefika, mimi naondoka."

"Lo! Hata hatujaongea!"

"Nimekusikia."

Akaurudisha ufunguo kwenye pochi yake, akapanda. Machi ilikuwa bado Jumatano kumi na moja.