Sakafu ya Salama

Jumamosi ya soko, saa nne asubuhi, bandari ya Kasongo-Rive, kwenye mto Lualaba, ilikuwa imejaa madumu ya mawese, magunia ya mchele, mbuzi wawili wasiopatana, na watu wote wa wilaya wanaojua kupiga kelele. Hapo ndipo mguu wa kuume wa Faridah ulipotoboa sakafu ya boti yake mwenyewe na kuzama mpaka gotini.

Tukio hili linastahili kusimuliwa kwa heshima. Faridah alikuwa amevaa kitenge kipya cha manjano chenye tausi wa kijani, na kilemba kilichofungwa kwa ustadi uliomchukua nusu saa mbele ya kioo. Kiatu kimoja kilikuwa juu, mbele ya macho ya watu. Kiatu cha pili kilikuwa chini, katika maji meusi yaliyokaa humo tangu mvua za mwaka juzi. Boti yenyewe iliitwa Salama. Asubuhi ile jina hilo lilikuwa uwongo mtupu, tena uwongo uliopakwa rangi nyekundu ubavuni.

Bandari ilinyamaza kwa huruma. Mtu mmoja tu ndiye aliyecheka.

"Unacheka nini, weye?" Faridah aliuliza kwa sauti ambayo ilifanya hata mbuzi wapatane.

Aliyecheka alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri na msumeno uliochomoza kwenye mfuko wake. "Pardon, mama. Sikucheka weye. Ninacheka misumari."

"Misumari!"

"Ya chuma, ndani ya boti ya alumini. Chuma, alumini na maji, hawa watatu hawakai nyumba moja. Mutu aliyefanya hii kazi hakupenda boti."

"Mimi mguu iko ndani ya shimo, na weye unanifundisha misumari?"

"Usivute! Triplex iliyooza inakata sana. Ngoja."

Alipiga magoti, akatoa msumeno, akakata mbao kuzunguka goti lake taratibu, kama mtu anayekata keki ya harusi. Kila alipokata, ule ubao wa triplex, ambao ni karatasi nyembamba za mti zilizogandishwa pamoja, ulibomoka kama mkate uliolowa chai. Mguu ukatoka. Kiatu hakikutoka.

"Ninaitwa Iliasi," alisema kijana. "Seremala, wa Kabambare."

"Sikukuuliza jina. Kiatu changu iko wapi?"

Iliasi aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa kwa muda, akakitoa kiatu pamoja na kaa mmoja mdogo mwenye hasira. Faridah alijitahidi sana asicheke. Historia inashuhudia kwamba alishindwa.

Furaha hiyo iliishi dakika mbili, kwa sababu alifika Mzee Djamali, mdogo wa marehemu baba yake Faridah, akiwa na kanzu nyeupe na mizani ya kupimia alumini.

"Nilisema!" alitangaza. "Boti hii imekufa. Jumamosi ile ya pili wafua sufuria watakuja, tutaikatakata, watayeyusha. Itatoka sufuria nzuri za pilau."

"Baba mudogo, hii boti ni ya baba! Imevusha watu miaka kumi na mbili!"

"Sasa itapika. Kupika pia ni kazi ya heshima."

"Alumini ni nzima," Iliasi aliingilia, akigonga ubavu wa boti kwa kidole. Ulilia kama kengele. "Kilichooza ni sakafu tu. Nipe siku hizi kumi na nne, mzee."

Djamali alimtazama, akamtazama binti wa kaka yake mwenye kiatu kimoja mkononi, akakunja uso. "Siku kumi na nne. Sakafu ikibeba watu, boti yenu. Isipobeba, sufuria. Na triplex nitanunua mimi, musiseme nina roho mubaya."

Kwa hiyo kazi ilianza. Iliasi aling'oa sakafu yote, akatoa povu jeupe la plastiki lililokuwa chini yake, zito kwa maji kama mtoto aliyelala, akakausha tumbo la boti kwa matambara. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki vipande virefu, akavitandika juu ya mbavu za alumini ili mti na madini visigusane. Faridah alikuja kila mchana na chakula. Alisema anakuja kusimamia. Hakuna msimamizi mwingine katika bandari ile aliyewahi kupaka wanja kabla ya kazi.

"Mbona unapaka ukingo wa mbao mara tatu na juu mara mbili?" alimwuliza siku moja, akiwa amekaa juu ya dumu.

"Maji ni kama mugeni mwenye adabu mubaya. Hapiti mulangoni, anapita kwa ukingo, kwa tundu za skrubu. Kila tundu lazima linywe rezini, hii gundi isiyopitisha maji, mbele ya skrubu kuingia."

"Na weye, ukingo wako iko wapi?"

"Wangu?"

"Mahali mutu anaweza kupita."

Iliasi alipaka rezini juu ya kidole chake mwenyewe. Kidole kiligandana na brashi kwa robo saa, na mazungumzo yakawa ya karibu kwa sababu ilibidi Faridah amsaidie.

Iliasi alimweleza kwamba aliwahi kutengeneza boti kule Kalemie, ziwani, na tajiri wake alimwachia mbao mbili za triplex ya boti, nzuri sana. Zilikuwa kwa mama yake Kabambare, zimefunikwa shuka. "Ni za kitanda changu. Mama anasema seremala asioe juu ya kitanda alichonunua kwa mutu. Ni haya."

"Na bibi wa hicho kitanda?"

"Huyo sijamukata vipimo bado."

"Hee! Mukosa adabu huyu!" alisema Faridah, akiondoka kwa mwendo ambao tausi wote wa kitenge walifurahia.

Jumatano jioni sakafu mpya iling'aa ndani ya boti. Alhamisi asubuhi Faridah alifika na chapati za moto, akakuta boti tupu. Mbao zote zimeng'olewa. Fundi hayuko, mfuko hauko, msumeno hauko. Alipiga simu. Mwanamke wa kwenye simu alimwambia, kwa ile sauti ya mtu asiyejali ndoa za wenzake, kwamba mtu huyo hapatikani.

"Amechukua pikipiki, njia ya Kabambare," alisema Djamali kwa upole wa kuudhi. "Mutoto wangu, Kabambare iko mbali."

Faridah alituma ujumbe wa sauti. Kisha mwingine. Ulikuwa na ghadhabu ambayo lugha yetu inaiwezea vizuri.

Wa kwanza: "Iliasi, mbao zangu ziko wapi?"

Wa tatu: "Nimekuletea chapati, mwizi weye. Nimeipa mbuzi. Mbuzi ameshukuru. Weye ulishukuru lini?"

Wa sita: "Kumbe kitanda! Kumbe ulikuwa unajipimia kitanda kwa boti ya baba yangu! Lalia, na mbu wa Kabambare yote wakulalie!"

Wa tisa haukuwa na maneno. Ulikuwa sonyo moja, ndefu, iliyopangwa vizuri toka mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa, Mama Régina, anayeuza maharagi hapo bandarini, alimfuata akiwa amebeba sufuria yake kama mtu anayebeba ushahidi mahakamani.

"Fundi wako ni wazimu! Alhamisi alfajiri ameniomba sufuria. Nikafikiri ni chai. Amepika mbao! Saa nzima amechemsha mbao ndani ya sufuria yangu ya maharagi! Angalia!"

Faridah aliangalia. Ndani kulikuwa na kipande cha triplex kilichobaki kazini, au kilichokuwa triplex zamani. Kilikuwa kimefunguka karatasi kwa karatasi, kama daftari la mwanafunzi lililoanguka mtoni. Alichukua karatasi moja. Ilichanika kwa vidole viwili.

"Alisema nini, mama?"

"Alisema, 'Hii ni ya plafond.' Akakaa chini, akashika kichwa. Kisha akaanza kung'oa."

Triplex ya plafond! Mbao za kufunika dari, ambazo gundi yake haijawahi kuona maji na haitaki kufahamiana nayo. Na aliyezinunua alikuwa nani? Faridah aligeuka taratibu kumtazama baba yake mdogo, ambaye ghafla alianza kusafisha mizani yake.

Ujumbe wa kumi na moja ulikuwa mfupi: "Iliasi. Nimeona sufuria. Piga."

Simu ililia Jumamosi mchana. Upepo ulikuwa mwingi.

"Faridah? Niko juu ya kilima, upande wa Lusangi, hapa ndipo rezo ya simu iko. Zimeingia zote kumi na moja pamoja. Nimezisikiliza kwa mustari."

"Zote?"

"Ile ya tisa nimeirudia."

"Usinichekeshe, nimekasirika! Kwa nini hukuniambia mbao ni mubaya?"

"Ningesema nini? Mimi mugeni. Nisimame mbele ya binti nimwambie, mukubwa wa nyumba yenu amewadanganya? Kwetu mutu hasemi hivyo. Nilisema nitafute mbao zingine, nirudishe kimya, mzee asione haya."

"Kwa hiyo heshima ya mzee ibaki juu, na mimi nibaki chini nikuite mwizi mbele ya bandari?"

"Hiyo sikuipimia vizuri."

"Hukuipima kabisa! Siku tatu nimekula hasira asubuhi na jioni! Heshima gani hiyo ya kuficha maji chini ya sakafu? Si ndiyo iliyoozesha ile ya kwanza?"

"Una haki, roho yangu."

"Usiniite roho yako. Uko na mbao?"

"Ziko mbili, nyuma ya pikipiki."

"Umezinunua wapi?"

Iliasi alianza kuzungumzia upepo. Faridah alielewa, akakaa juu ya gunia la mchele la mtu asiyemjua.

"Iliasi. Ni kitanda?"

"Ilikuwa kitanda. Sasa ni sakafu."

"Njoo pole pole," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena. "Barabara ni mubaya."

Jumapili jioni aliingia Kasongo akiwa mwekundu kwa vumbi toka kope hadi soksi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mbao zilikunywa rezini, kila upande, kila ukingo, kila tundu. Safari hii Faridah aliitisha sufuria mwenyewe, akachemsha kipande kwa saa nzima. Kilitoka kizima, kama kilivyoingia. Alhamisi walifunga skrubu zisizoshika kutu, wakaacha nafasi ya maji kutoka.

Jumamosi wafua sufuria walifika, watano, na nyundo, na magunia ya sufuria mpya za kuuza ng'ambo. Mtumbwi mkubwa wa kuvusha ulikuwa umeshaondoka.

"Kuja tu, wababa," Faridah aliwaita, mkono kwenye injini. "Boti munayotaka kuua itawavusha bure. Rukeni juu yake. Pigeni miguu."

Waliruka. Walipiga miguu, wote watano, na magunia yote. Sakafu haikusema kitu. Katikati ya Lualaba mkubwa wao aliinama, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. "Hii hatukati. Itakuwa dhambi."

Iliasi alikaa karibu na injini. "Faridah, sasa mimi fundi bila kitanda. Bandari yote inakikanyaga. Nani atanikubali?"

"Kuna mutu anaweza kulala kwa mukeka mwaka moja, ukikata kingine. Lakini hutaniuliza mimi. Utamuuliza baba mudogo. Na utaanza na lile ulilokataa kuniambia."

"Mbele ya watu?"

"Mimi nilitoboa sakafu mbele ya watu."

Waliporudi, Mzee Djamali alikuwa amesimama ukingoni na mizani yake isiyo na kazi. Iliasi alishuka, akavua kofia, akatoa mfukoni zile karatasi za mbao zilizochemshwa, alizozichukua kwa Mama Régina, akazishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Salaam alekum, baba mudogo. Kwa heshima yako yote: triplex uliyonunua ilikuwa ya plafond, na ulijua. Na ninamuomba Faridah."

Bandari ilinyamaza, mara ya pili katika mwezi huo. Djamali alizitazama karatasi. Alitazama boti. Alimtazama binti wa kaka yake, ambaye safari hii alikuwa na viatu vyote viwili.

"Ni mambo mawili," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Unataka nijibu gani kwanza?"

"Ya plafond!" alisema Faridah kutoka ndani ya boti.

Mzee alishusha mizani chini. "Nilijua," alisema. Kisha akamshika Iliasi mkono, akamwambia aende nyumbani kwake akale, kwa sababu jibu la pili, katika ukoo wao, halipewi mtu mwenye njaa.