Ukurasa wa Nne

"Mgeni kaingia chumbani kwa mwenye nyumba," Mkuu wa Idara ya Usalama alisema kwenye simu. "Saa nne na dakika kumi."

Simu ikakatwa.

Sindano, mpelelezi wake wa kompyuta, aligeuza pikipiki katikati ya barabara. Honi zikamlilia. Hakujali.

Dakika saba baadaye alikuwa ndani ya ukumbi wa seva, bastola ya Glock kiunoni, kompyuta ya ThinkPad mapajani. Baridi ilikuwa kali, feni zikivuma.

Seva moja kubwa ilibeba kompyuta pepe mbili, zilizoundwa kwa programu tu, kila moja ikijiona iko peke yake. Moja ilikuwa ya Idara, yenye majina ya wapelelezi arobaini na mmoja waliojipenyeza kwa walanguzi wa silaha. Nyingine ilikodiwa na kampuni ya kigeni ya matrekta.

Huyo ndiye mgeni.

Kati ya hizo mbili ilikaa programu ya kugawa kumbukumbu ya seva, ukurasa kwa ukurasa, mafundi wakiiita msimamizi. Mgeni akigusa ukurasa ambao hajapewa, msimamizi humgandisha na kukagua. Ana haki? Anapewa ukurasa mtupu, anaendelea. Hana? Anafungiwa.

Leo alikuwa akipewa kurasa za Idara, kila mmoja ukiwa na jina na anwani ya mpelelezi.

Majina matatu yalikwisha kutoka.

"Wapigieni wote watatu," Sindano aliagiza redioni.

"Wawili wamepokea. Mpiga Picha hapokei."

Akafungua msimbo wa msimamizi. Mistari minne ilikuwa imebadilishwa, safi, bila herufi ya ziada. Aliujua mkono ule. Ndio uliomfundisha kazi.

Mwalimu alikuwa chumba cha pili, viganja juu ya meza.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Walanguzi wamemchukua binti yangu. Jana, akitoka kazini."

"Ungeniambia."

"Ungeripoti, mwanangu."

Kweli tupu. Ndiyo maana ilimchoma.

"Nikimfungia mgeni sasa, watashtuka wamuue binti yako," Sindano alisema. "Sogea. Tumtengenezee ukurasa bandia."

Wakaketi bega kwa bega, kama miaka ile. Wakaandika jina la mpelelezi asiyekuwepo, na anwani ya nyumba ambamo makomando wa Idara walikuwa tayari wanaingia kwa mlango wa nyuma.

Mgeni akagusa ukurasa wa nne.

Akaganda.

Sindano akaupachika ule wa uongo. Akamwachia aendelee.

Wakangoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Saa tano na nusu redio ikakoroma. "Wamekuja wanne. Tunao wote. Dereva wao ametapika kila kitu, hata hajaulizwa mara ya pili."

Saa sita kasorobo: "Binti tumempata. Mzima."

Mwalimu akafunika uso.

"Na Mpiga Picha?" Sindano aliuliza.

Redio ikakoroma tena.

"Tumemkuta studioni kwake. Tumechelewa. Pole, dada."

"Alikuwa anakula kwangu kila Jumapili," Mwalimu alisema polepole. Kisha akanyoosha mikono mwenyewe.

Sindano akamfunga pingu.

"Zinabana?"

"Hapana, mwanangu."

Alirudisha ile mistari minne kama ilivyokuwa, akamfungia mgeni kabisa. Simu ikaita.

"Umeokoa watu arobaini," Mkuu alisema. "Nitume mtu kwa mke wa Mpiga Picha?"

"Hapana. Naenda mwenyewe."

Akavaa helmeti, akashusha kioo chake kabla mtu hajamwona macho, akatoka kwa hatua zilezile za kila siku.